Vumbi la jipsamu linarudi kila nikifagia

Mama wa Gungu: Wapendwa, nyumba yetu hapa Gungu, Kigoma, mafundi wamemaliza dari na tailizi. Nafagia asubuhi, jioni weupe uleule. Nahamia na mtoto mchanga, nifanyeje?

Fundi Ujiji: Dada, acha ufagio mkavu, unalirusha tu. Anzia juu: feni, fremu za madirisha, kuta, mwisho sakafu, kwa kitambaa kibichi. Dari ya jipsamu usiiloweshe! Maji badilisha kila chumba.

Bibi Katubuka: Mwanangu, utando wa saruji kwenye tailizi sugua kwa siki na maji, kisha suuza. Siki usichanganye na dawa ya klorini, hewa yake inakaba kifua.

Mama wa Gungu: Asante bibi. Na harufu ya rangi?

Fundi Ujiji: Fungua madirisha. Mtoto abaki kwa bibi yake kwanza.