Nani aliwafundisha mafundi kutoa themostati? E46 yangu imeteswa miezi 4 na nimechoka

Wakuu heshima kwenu. Hapa mezani mbele yangu kuna ganda la themostati, kile kifaa kinachodhibiti joto la injini. Naliita ganda kwa sababu ndani hamna kitu, springi hamna, kile kikopo cha nta hamna, visahani hamna, pembeni kuna mikwaruzo ya bisibisi pale mtu alipokuwa anachokonoa mpaka vyote vikatoka, halafu akalirudisha kwenye injini, akakaza bolti zake vizuri na soketi ya umeme akaichomeka kama kawaida ili nisijue. Miezi 4 nimeendesha gari hivyo. Miezi 4 wakuu!

Gari ni BMW 330i E46 ya 2003, sidani, gia za mkono, injini M54, cc 2979, farasi 231. Ni gari ya zamani, najua, nilipoinunua nilijua naingia kwenye nini na nilishajisomea magonjwa yake yote. Sikuja hapa kulia kwamba gari ya zamani inaharibika. Nimekuja kulia kwamba mtu nimemlipa anitibie ugonjwa mmoja akaniongezea mitano na hakusema.

Ilianza hivi. Tenki la akiba la kulanti, yaani maji ya kupoozea injini, likaanza kuvuja, lile jeusi la plastiki lililokaa pembeni ya rejeta. Kila mwenye E46 analijua, plastiki ikishapikwa miaka inakuwa kama biskuti, inapasuka kwenye ule mshono wa pembeni, tena mfumo wenyewe unabeba presha kubwa, mfuniko wangu umeandikwa 200, yaani bar 2. Niliwahi nikazima kabla haijachemsha, nikaivuta mpaka gereji. Nikamwambia fundi kwa mdomo wangu: badilisha tenki, badilisha themostati weka mpya, badilisha wota pampu, mipira ya juu na chini, jaza kulanti ya bluu nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, toa hewa. Nikampa na hela ya spea zote. Gari nikaletewa jioni, naambiwa "tayari bosi, hii haichemshi tena".

Kweli haikuchemsha. Ikawa haipati moto kabisa.

Mimi sikugundua mapema na hapa nisikilizeni vizuri wenye hizi gari, mshale wa temperecha wa E46 ni muongo. Umetengenezwa hivyo makusudi kiwandani, injini ikiwa nyuzi 75 unakaa katikati, ikiwa 90 katikati, ikiwa 110 bado katikati, ili mwenye gari asishtuke kila ukicheza kidogo. Ukiona umetoka katikati kwenda juu ujue mambo yameshaharibika zamani. Mimi mjini ulikuwa unakaa karibu na katikati, nikijua ni sawa, barabara kuu ukawa unateremka kidogo kushoto nikasema labda ni upepo. Lakini mafuta yakaanza kwenda ajabu, hita ikawa inatoa hewa ya uvuguvugu tu, sailensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) asubuhi inapanda inashuka, halafu taa ya cheki injini ikawaka.

Narudi kwa fundi yule yule. Anachomeka mashine yake, anasoma kodi moja ya hitilafu, hasomi namba yoyote nyingine, anasema sensa za oksijeni zimekufa. Nikanunua mbili. Taa ikazima siku 3 ikarudi. Akasema koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi. Nikanunua koili 6 na plagi 6. Ikarudi. Nikamuuliza sasa fundi tunabahatisha mpaka lini, akaniambia "bosi hizi gari za Mjerumani komputa zake zikizeeka ndivyo zinavyofanya, tuitoe tukaipige programu upya, na tukiwa huko tutoe na katalisti, gari itakuwa nyepesi". Hapo ndipo nilipochukua ufunguo wangu nikaondoka. Komputa! Mtu hajapima hata kama hewa inavuja anataka kufungua komputa ya injini, na katalisti nzima, kile kisafisha moshi kwenye egzosi, anataka aitupe kwa sababu ya taa ambayo hajui imewashwa na nini.

Fundi wa pili alikuwa mbaya zaidi. Alifungua kifuniko cha oili akakuta ule utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, akanitazama kwa huruma akasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, imeungua, injini ishushwe. Nikamwambia pima kwanza. Akasema hakuna haja ya kupima, uzoefu unatosha. Wakuu, kile kipimo cha majimaji ya bluu unakiweka mdomoni mwa tenki la kulanti, kama kuna moshi wa injini unaingia kwenye kulanti ile bluu inageuka njano, ni kazi ya dakika 10. Nikaazima nikapima mwenyewe. Bluu ikabaki bluu. Nikapima kompresheni silinda zote 6, zimelingana. Hedi ilikuwa nzima kabisa na kuna mtu alitaka kuifungua, kwenye injini ambayo bloku yake ni aluminiamu na nyuzi za bolti za hedi zinajulikana dunia nzima kwa kung'oka zikiguswa baada ya joto. Angenimalizia gari.

Ndo nikakaa chini nikaanza upya mwenyewe. Ile dashibodi ina menyu imefichwa, unabonyeza na kushikilia kile kitufe cha kushoto ufunguo ukiwa namba 1, unajumlisha tarakimu 5 za mwisho za chesesi namba ndio kodi ya kufungulia, ukifungua unakwenda testi namba 7 inakuonyesha temperecha halisi ya kulanti. Nikaingia barabara kuu. 63. Nikaendelea nusu saa. 61. Themostati ya hii injini imeandikwa 97! Nilipaki pembeni nikakaa kimya muda mrefu kwa hasira, kila kitu kikajipanga kichwani palepale.

Injini ya nyuzi 61 komputa inajua bado haijapata moto, kwa hiyo inaendelea kumwaga mafuta kama ya asubuhi. Mafuta yasiyoungua yanaosha oili kwenye kuta za silinda yanateremka chini kwenye karta, lile bakuli la oili. Nilivuta kijiti cha oili kimepanda juu ya alama wakati sijaongeza kitu, nikanusa, petroli tupu. Halafu unyevu unaotengenezwa ndani ya injini hauna joto la kuukausha, unachanganyika na mvuke wa oili, unakuwa ule utando mweupe chini ya kifuniko, na huo huo unakwenda kuziba CCV, kile kichujio cha mvuke kilichojificha chini ya manifoldi ya kuingizia hewa. Kwa hiyo ule "ushahidi" wa gasketi kuungua ulikuwa ni uchafu uliotengenezwa na fundi wa kwanza. Mmoja kaleta ugonjwa, mwenzake anataka kukata mguu.

Nilipompigia simu yule wa kwanza hakukataa hata. Akasema, "Bosi themostati tumeitoa kwa faida yako, hizi gari ukiiacha zinachemsha, wateja wote tunawatolea." Wote! Na hela ya themostati mpya uliichukua ya nini? Na kwa nini hukusema?

Naomba hili liwaingie wanaosoma humu hata kama mna gari nyingine kabisa. Themostati haisababishi gari kuchemsha ikiwa nzima, kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto iliyoundwa kufanyia kazi na kuiweka hapo. Na nyingi za namna hii zina visahani viwili, kimoja kinafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, kingine wakati huo huo kinaziba njia ya mkato ya maji kuzunguka ndani ya injini tu. Ukitoa vyote, ile njia ya mkato inabaki wazi muda wote, kwa hiyo sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta kabisa. Barabara kuu injini inaganda, siku ukikwama kwenye foleni na jua kali na mlima, hiyo hiyo "iliyotolewa ili isichemshe" inaweza kukuchemshia. Gari inayochemsha ina sababu, rejeta imeziba, pampu imekatika mapanga, feni haivuti, mfuniko haushiki presha, kuna hewa ndani. Tafuta hiyo.

Nikafungua ndio nikakutana na hili ganda. Na wota pampu niliyolipia haikubadilishwa, ni ile ile ya zamani, mapanga ya plastiki, moja limeshamegeka. Na ndani kwenye mfumo hamna kulanti ya bluu, ni maji ya bomba yenye rangi ya kutu. Maji matupu ndani ya bloku ya aluminiamu, bila dawa ya kuzuia kutu. Nilisuuza mara 4 mpaka yakatoka meupe.

Bado kodi za P0171 na P0174, yaani benki zote mbili (makundi mawili ya silinda) zinalia hewa nyingi mafuta kidogo. Nikashangaa, injini inamwagiwa mafuta hivi bado inalia njaa? Nikaangalia fyueli trimu, yaani mafuta ambayo komputa inaongeza au kupunguza, kwenye sailensa ziko juu sana, ukishika mzunguko 2500 zinashuka karibu na kawaida. Hiyo ni hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, na sensa ya oksijeni haina kosa, inasema ukweli. Nikapuliza moshi kwenye mfumo wa hewa, ukatoka palepale chini ya mpira wa hewa, ule wenye mikunjo kati ya sensa ya hewa na throtoli. Kwa juu mzima kabisa. Ukiupinda tu kwa chini unafunguka mdomo wa urefu wa kidole. Mpira mgumu wa miaka 20 ukiuvuta kwa nguvu bila kulegeza klempu unachanika kwenye mkunjo, na aliyeuvuta namjua, alikuwa anatafuta njia ya kuifikia themostati.

Kwa hiyo hesabu yake ni hii: mpira mmoja wa hewa na themostati moja. Sensa zangu 2 za zamani zilikuwa nzima. Koili zangu 6 zilikuwa nzima. Hazikurudishwa hata kwenye boksi, nilipouliza zikawa "zimeshatupwa".

Na kuna wale wataonijibu hapa niweke koni filta, nipige chipu, nishushe gari. Jamani mimi napenda kumodifai kuliko wengi humu, nina shokapu na springi nimeziweka stoo nasubiri siku. Lakini siziweki kwenye gari ambayo haijapona. E46 sakafu ya nyuma inapasuka pale subframe, ile fremu inayobeba ekseli ya nyuma, inaposhikilia bodi, mtu anafunga bushi ngumu na springi fupi bila hata kuingia chini na tochi kutazama, mwaka ukifika anasikia mlio nyuma anabadilisha shokapu tena. DISA nayo ndio hiyo, kile kipande cha plastiki kwenye manifoldi, pini yake ikikatika inaweza kumezwa na injini, na mtu anahangaika na sauti ya egzosi. Tibu kwanza. Nimeitoa yangu nikaikagua, iko salama, nimeirudisha na oringi mpya.

Mpaka leo nimefunga themostati mpya, pampu mpya, mfuniko mpya, mipira yote, mpira wa hewa, nimemwaga oili ile yenye petroli nikaweka lita 6 na nusu mpya yenye kiwango cha BMW cha LL-01, na nitaimwaga tena mapema kwa sababu siamini kama uchafu wote umetoka. Hewa nimetoa mwenyewe taratibu, swichi imewashwa bila kuwasha injini, hita kwenye joto la mwisho na feni ndogo, skrubu ya kutolea hewa imelegezwa, nikamimina polepole mpaka mapovu ya hewa yakakatika. Jana barabara kuu testi 7 inasoma 95, 96, 97, haitoki hapo. Hita inachoma. Taa imezima na trimu zimerudi chini.

Kilichobaki ni CCV na mipira yake minne, na najua imejaa ule utando. Aliyewahi kuitoa kwenye M54 bila kushusha manifoldi naomba anielekeze alianzia kuchomoa mpira upi, maana ule wa nyuma unaoteremka kwenye kijiti cha oili mkono wangu haufiki. Na huyo fundi Jumatatu nampelekea hili ganda lake na risiti zangu, nataka hela yangu ya themostati na pampu.