Mrejesho: farasi wangu hakuwa mvivu

Habari zenu. Mwezi wa pili niliwauliza kuhusu farasi wangu jike, miaka 11, hapa Karen, Nairobi: nikimpanda anagoma kuongeza mwendo. Wengi mkasema ni uvivu, nimwonjeshe fimbo. Nilimwonjesha, na hadi leo naona aibu.

Aliyenifungua macho ni saisi wetu, mtunza farasi. "Bosi, mtazame ukimfunga mkanda wa tumbo." Kweli bwana: masikio yanalala nyuma, mkia unapiga, anageuka kuuma hewa. Mimi nilidhani ni tabia tu. Daktari wa mifugo alibonyeza kwa vidole viwili nyuma ya mabega, mgongo ukabonyea chini kama godoro. Hapohapo palikuwa na nywele nyeupe, alama ya tandiko kubana muda mrefu. Akanionyesha orodha ya Dk. Sue Dyson wa Uingereza: dalili 24 za farasi anayepandwa, zikifika 8 shuku maumivu. Tulipotazama video zangu za zamani, nikahesabu 11.

Tandiko lilikuwa jembamba. Nimempumzisha wiki 6, nikanunua jingine (bei msiniulize), na Jumamosi kakimbia mwenyewe bila hata kuguswa kisigino. Nikifunga mkanda, bado anakunja sikio moja.