Dada yangu mwalimu anapoteza uwezo wa kuona: nimnunulie Android, iPhone iliyotumika au kompyuta yenye NVDA?

KakaWaMwalimu (Morogoro)

Wakuu, habari za jioni. Dada yangu anafundisha darasa la tano na la sita. Ana presha ya macho, na iligundulika ikiwa imeshakula sehemu kubwa ya jicho la kushoto. La kulia nalo linazidi kufifia. Anatumia dawa za matone, na hospitali wametueleza wazi kwamba kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Bado anasoma maandishi makubwa akiyasogeza karibu, ila ikifika jioni kichwa kinamuuma.

Tumechangishana kama familia, tuna laki tano na nusu hivi. Shemeji anasema tuchukue simu mpya ya Android. Binti yake aliyeko chuo anataka iPhone iliyotumika, kwa maelezo kwamba wasioona wengi wanaisifia. Mimi naegemea kompyuta yenye NVDA, programu ya Windows inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye kioo, kwa sababu kazi ya dada ni azimio la kazi, andalio la somo na alama za wanafunzi. Naomba wenye uzoefu mnieleze maisha ya kila siku yanakuwaje: kusoma meseji, kutuma pesa, kujua dawa ipi ni ipi. Na kama yapo makundi ya mtandaoni ya Kiswahili anayoweza kujiunga, nitashukuru.

MamaTumaini (Dodoma)

Pole sana kaka, na dada mfikishie pole zangu. Mimi sioni kabisa tangu nikiwa sekondari, na hapa naandika kwa TalkBack, ile programu ya Android inayosoma kilichopo kwenye kioo.

Kwa fedha hiyo, chukua Android. Sababu yangu kubwa ni lugha. Unaiweka Kiswahili kuanzia menyu mpaka sauti, maana injini ya sauti ya Google inasoma Kiswahili. Ukitaka nyingine ya kufanya kazi bila bando, ipo eSpeak NG. Sauti yake ni kavu kama ya mashine, lakini haikwami hata ukiikimbiza. Meseji za dada yako karibu zote zitakuwa za Kiswahili. Zikisomwa na sauti ya Kiingereza hataambulia kitu.

Namna ya kuitumia: kidole kimoja ukikitelezesha kulia unakwenda kwenye kitu kinachofuata, kushoto unarudi, ukigusa mara mbili popote unafungua. Mwanzoni inachosha mno. Nawaomba ndugu msimpokonye simu na kumfanyia. Mwacheni akosee, atajua.

Mkienda dukani, kabla ya kulipa fungueni Mipangilio, kisha Zana za ufikivu, washeni TalkBack na mteleze haraka kwenye orodha ndefu. Sauti ikiachwa nyuma na kidole, hiyo simu irudisheni kwenye boksi. RAM ya GB 2 inaelemewa, tafuteni kuanzia GB 4. Jina la kampuni lisiwasumbue sana.

Baharini_Msa (Mombasa)

Kwa heshima dada, nitaitetea iPhone. VoiceOver, programu ya iPhone inayosoma kioo, iliingia kwenye iPhone 3GS mwaka 2009, wakati Android ilikuwa bado changa kwetu sisi wasioona, na mpaka leo inafanya kazi vilevile kutoka simu moja hadi nyingine. Ukijifunza kwenye simu kuukuu hutajifunza upya kwenye mpya. Android kila kampuni inabadilisha menyu zake.

Kuhusu lugha, ni kweli menyu zake mimi nazitumia kwa Kiingereza. Lakini tangu iOS 16 mtu anaweza kuongeza sauti zilizotengenezwa na wengine, eSpeak ikiwemo, kwa hiyo Kiswahili kinasomeka. Mkinunua iliyotumika, angalieni kwanza inakubali iOS ipi, halafu hali ya betri. VoiceOver mtu huitumia kutwa nzima, na betri iliyochoka itamwacha njiani.

Jambo la pili ni jumuiya. AppleVis ipo tangu 2010, ni watumiaji wasioona na wenye uoni hafifu wanaoandikiana wenyewe kwa wenyewe: programu gani vitufe vyake vinasomeka, ipi imeharibika baada ya sasisho. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba inafungwa, watu wakahuzunika kweli, kisha kampuni ya Be My Eyes ikaichukua ikaendelea. Mimi kabla ya kupakua kitu huuliza huko kwanza. Ni Kiingereza kitupu, lakini mwalimu atakimudu.

Mwl_Sauti (Tabora)

Mimi ni mwalimu nisiyeona, na naona wote mmeruka kazi yenyewe. Kaka anasema alama na maandalio. Huwezi kujaza alama za darasa zima kwenye simu kwa raha.

NVDA ni bure kabisa. Ilianzishwa 2006 na kijana asiyeona wa Australia, Michael Curran, akaungana naye mwenzake asiyeona James Teh, kwa sababu programu za kusoma kioo zilikuwa ghali kupita kiasi. JAWS, mojawapo ya hizo za kulipia, ni nzuri na ina historia ndefu, lakini leseni yake ni fedha nyingi, na bila leseni inafanya kazi dakika 40 tu, halafu mpaka uizime kompyuta na kuiwasha tena. NVDA inakuja na eSpeak NG ndani yake, Kiswahili kimo. Inafanya kazi bila intaneti.

Nitoe mfano wa alama. Kwenye Excel nasimama kwenye mstari wa majina ya masomo, nabonyeza kitufe cha NVDA pamoja na Shift na C. Kuanzia hapo nikishuka kwenye mwanafunzi yeyote na kwenda kulia, inanitajia somo kwanza kisha alama: Hisabati, 62, Sayansi, 71. Sihitaji kukumbuka safu ya nne ni ya nini. Najaza darasa zima peke yangu, mwalimu mkuu anapokea faili kama la mwalimu mwingine yeyote.

Kinachotakiwa ni kuchapa bila kutazama. Herufi F na J zina vinundu, vidole vya shahada vinakaa hapo. Aanze sasa wakati bado anaona.

Baharini_Msa (Mombasa)

Hapo Mwalimu umesema kweli. Hata huku Kenya, shirika la inABLE lilipoanzishwa 2009, maabara yake ya kwanza ilikuwa ya kompyuta, katika Shule ya Wasioona ya Thika. Kwa kazi za shule na ofisi, kompyuta haina mpinzani. Ila huwezi kuitoa kwenye matatu ukasoma meseji ya M-Pesa.

MachoKLM (Moshi)

Nafanya kazi kwenye kliniki ya macho, naomba niongeze jambo ambalo halijaguswa. Anaona nini kwa sasa? Presha ya macho kwa kawaida huanza kula pembeni, katikati inabaki kwa muda. Mgonjwa wa aina hiyo ukimkuzia maandishi kupita kiasi anaona herufi mbili tatu tu kwa wakati, anachoka zaidi. Mara nyingi kinachomsaidia ni rangi: maandishi meupe kwenye weusi, mwanga usiommulika usoni, na ukuzaji wa kiasi. Vyote vimo ndani ya simu, iwe Android au iPhone, bila kulipia kitu. Mpelekeni kwenye huduma ya uoni hafifu kabla hamjanunua chochote. Hospitali za KCMC huku Moshi na CCBRT Dar es Salaam zina huduma za macho.

Na wewe kaka, pamoja na ndugu wa tumbo moja, nendeni mkapimwe. Ugonjwa huu unatembea kwenye familia, tena kimyakimya, hauumi.

MamaTumaini (Dodoma)

Asante daktari. Nakubaliana nawe, ila TalkBack ajifunze sasa hivi wakati bado anaona, asisubiri giza. Awe anaiwasha saa moja jioni, muda ule macho yamechoka. Atajifunza huku akithibitisha kwa macho alichokisikia. Nimeona watu waliong'ang'ania kukuza herufi mpaka siku hazikukuzika tena, wakaanza upya wakiwa na huzuni juu yake.

Leeds_Mswahili (Uingereza)

Kuna kitu cha nne: macho ya watu wengine. Mimi ni mjitoleaji wa Be My Eyes. Aliyeianzisha ni Mdenmaki mwenye uoni hafifu, Hans Jørgen Wiberg, na ilianza kwa iPhone mwaka 2015, Android wakaipata 2017. Asiyeona anapiga simu ya video, mtu mwenye lugha yake anapokea na kumsomea. Bure pande zote.

Nimejiandikisha kwa Kiswahili na Kiingereza. Cha Kiingereza, simu moja inalia kwa wajitoleaji wengi, ukichelewa kidogo mwenzako ameshapokea. Cha Kiswahili ni nadra kulia. Nimewahi kupokea mama mwenye makopo mawili yanayolingana, moja la nyanya na jingine la maziwa ya mtoto. Nilimwomba asogeze kopo mbali kidogo na kamera, aligeuze taratibu, nikamsomea. Tulimaliza haraka, na hakuhitaji kumsubiri mtu arudi kazini. Wasomaji mnaoona, jiandikisheni kwa Kiswahili. Mwambieni na dada kwamba ipo, anaweza kupiga.

Asionyeshe namba ya siri, kadi ya benki wala cheti cha hospitali. Na asiitumie kuvukia barabara. Hapo ni fimbo nyeupe na mtu wa karibu.

Asha_Tanga

Na zile za akili mnemba? Unapiga picha inakueleza kilichopo. Ni nzuri kwa nguo na kwa kujua nani yumo kwenye picha ya harusi, na huoni aibu kuiuliza swali lilelile tena na tena. Lakini kwenye dawa nina neno. Kuna programu moja niliipigia picha chupa ya dawa ya macho ya baba, ikanitajia tarehe ya mwisho wa matumizi bila kusita. Mfamasia alipoisoma, mwaka ulikuwa mwingine kabisa. Mashine haisiti pale isipojua, ndiyo hatari yake. Kwa hiyo dawa, mkataba na pesa nasomewa na mtu.

Chupa za matone zinafanana mno mkononi. Sisi tunazungushia mpira wa kufungia: mmoja ni ya asubuhi, miwili ni ya usiku. Haihitaji bando.

Mlezi_Kundi (Mwanza)

Nasimamia kundi la WhatsApp la wasioona na wenye uoni hafifu, kwa hiyo nizungumzie swali la makundi. Tofauti yetu na Be My Eyes ni kwamba sisi tunafahamiana. Mtu akiuliza jinsi ya kupata barua ya serikali ya mtaa, anajibiwa na aliyeipata kwenye ofisi ya aina ileile. Ubaya wetu ni kwamba usiku wa manane hakuna anayejibu, na kuna wakati ushauri unaotolewa ni wa kubahatisha.

Sheria yetu kubwa: hakuna kutuma picha ya tangazo bila kuandika kilichomo. Shuleni kwa dada yako wataendelea kutuma barua zenye mihuri kama picha, na mara nyingi TalkBack itamwambia tu kwamba ni picha. Afungue hiyo picha kwenye Google Lens au Lookout, programu za Google za kusoma picha, maandishi yatasomwa, ya Kiswahili pia, mradi picha haina ukungu. Nanyi muwaombe wenzake waandike. Wengi hawajui kama wanamtenga.

Pesa: menyu ya M-Pesa ya *150*00# inasomeka na TalkBack, tatizo ni muda. Ukisikiliza chaguo zote taratibu, inajifunga. Aongeze mwendo wa sauti na azijue namba za chaguo kwa kichwa. Avae hedifoni wakati wa namba ya siri, na kwenye mipangilio ya TalkBack azime kutamka nenosiri. Noti zetu zinapishana urefu kidogo. Mimi elfu kumi naikunja mara mbili, elfu tano mara moja, ndogo zinakaa wima.

Ili apate kundi la kuaminika, aanzie kwenye tawi la Chama cha Wasioona mkoani kwenu. Viungo vinavyosambazwa ovyo vina matapeli.

KakaWaMwalimu (Morogoro)

Nimemsomea dada majibu yote, na amesikiliza mpaka mwisho. Amesema ya kwanza ni kliniki, na sisi ndugu tunakwenda naye kupimwa. Halafu Android ya GB 4, tutaijaribu dukani kama alivyoelekeza Mama Tumaini. Itakayobaki tunaiweka kwa ajili ya kompyuta iliyotumika, maana lile suala la Excel limemgusa. Anauliza: TalkBack ikiwa imewashwa, mtoto akitaka kupiga simu kwa simu hiyo itakuwaje? Na Mwl_Sauti, unaweza kumfundisha NVDA kwa mbali?

MamaTumaini (Dodoma)

Kwenye Zana za ufikivu aweke njia ya mkato ya TalkBack. Baada ya hapo, vitufe viwili vya sauti vikibonyezwa pamoja kwa sekunde tatu inazima, na vikibonyezwa tena inawaka. Mfundisheni na mtoto.

Mwl_Sauti (Tabora)

Naweza. NVDA ina kipengele cha kuunganisha kompyuta mbili, nikasikia anachosikia yeye na kumwelekeza. Lakini kwanza ajifunze vidole kwenye F na J. Nitumie ujumbe binafsi mkishainunua, tutaanza na orodha ya darasa lake mwenyewe.