Kigoma hadi Mtwara kwa ndege: nihesabu kilomita zipi?

Mkazi wa Kipawa
Ndugu zangu, salaam. Niko hapa Dar es Salaam, na nimeombwa kukadiria muda ambao kasha la migebuka mibichi litakaa kwenye barafu likisafirishwa kwa ndege kutoka Kigoma hadi Mtwara. Kikokotoo kimoja cha mtandaoni kimenipa kilomita 1,307 na kingine 1,477. Nishike ipi, na muda wa safari unapatikanaje?

Mpima Ramani
Ndugu, zote mbili ni sahihi, ila hazijibu swali moja. Ya kwanza ni njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, inayokokotolewa kwa latitudo na longitudo za viwanja viwili tu: Kigoma iko takriban 4°53′ kusini na 29°40′ mashariki, na Mtwara 10°20′ kusini na 40°11′ mashariki. Ya pili inapitia Dar es Salaam, yaani kilomita 1,077 kisha 400.

Ukitaka kuhakiki mwenyewe, usisome 4°53′ kama 4.53. Dakika hugawanywa kwa 60, hivyo ni 4.88, na kosa hilo peke yake linakisogeza kiwanja cha Kigoma kilomita 39 hivi kuelekea kaskazini. Kuna pia alama ya kutoa inayoonyesha kusini: ukiisahau kwa kiwanja kimoja, umeruka ikweta na jibu litakushtua, lakini ukiisahau kwa vyote viwili umbali haubadiliki hata kidogo, na ndiyo maana kosa hilo hujificha.

Mzee wa Uwanjani
Niongezee kuhusu muda. Katika urubani tunatumia maili za baharini, ambazo kila moja ni kilomita 1.852, kwa hiyo vipande vyako ni maili 582 na 216. Ndege ya mapangaboi inayokwenda maili 300 kwa saa itatumia saa 1 na dakika 56, kisha dakika 43. Ongeza kama dakika 20 kwa kila kipande, kwa sababu ndege hutembea ardhini, hupanda na kushuka kwa mwendo ulio chini ya huo. Upepo wa mbele wa maili 30 kwa saa utakuongezea dakika 13 katika kipande cha kwanza pekee.

Usisahau kwamba tiketi huandika 1600 kwa saa kumi jioni. Nimeona watu wazima wakikosa ndege kwa hilo.

Mkazi wa Kipawa
Nawashukuru sana, wazee wangu. Kwa ratiba niliyopewa, kasha linatua Dar saa tano asubuhi na kuondoka saa kumi jioni, hivyo kungoja ni saa tano, ilhali vipande vyote viwili vya safari havifiki saa tatu na nusu. Nitatafuta mtu wa kuongeza barafu hapa Dar.