Naomba ushauri: kufuta ndoo na waya kwenye picha ya familia

Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Nina picha ya familia, bibi kakaa katikati wajukuu wamemzunguka, na ndo picha pekee ambayo wote wametoka wakicheka, sasa nyuma kuna ndoo nyekundu na waya umepita juu ya kichwa cha bibi yaani macho yanaenda huko moja kwa moja badala ya kumwangalia yeye.

Waya umetoka freshi kabisa, nimetumia ile brashi ya kuponya kwenye GIMP (programu ya kuhariri picha), anga ni rangi moja kwa hiyo hata huoni kama kulikuwa na kitu. Shida ni ndoo. Imegusana na bega la mtoto na nyuma yake ni ukuta wa matofali, nikikopi matofali ya pembeni kwa kloni mistari ya saruji haikutani, halafu ukingo wa shati unakuwa kama umeyeyuka. Nafanyia kwenye leya mpya (tabaka linalokaa juu ya picha), orijino sijaigusa.

Je niselekti bega kwanza ndo nikloni nje yake tu? Na brashi pale karibu na nguo iwe ngumu au laini? Photoshop tangu 2010 inajaza yenyewe sehemu unayofuta kwa kuangalia vilivyo jirani, GIMP nayo ina plagini (programu ndogo ya kuongezea) ya Resynthesizer inayofanya kazi kama hiyo, aliyewahi kuitumia kwenye matofali aniambie inashikaje. Za AI naogopa zisije zikabadilisha sura ya bibi. Tunataka kuiprinti kubwa ya ukutani kwa hiyo kosa dogo tu litaonekana.