Maskati wiki tatu: dola mkononi au kadi ya benki?

Kijana wa Mlandege
Assalaam alaykum. Mwezi ujao naenda Maskati, harusi ya binti wa ami yangu. Kula na kulala kwa ami, kwa hiyo pesa ni ya matumizi na zawadi tu, kama dola 800. Akiba yangu iko kwenye shilingi. Ninunue dola hapa Unguja, au niende na kadi ya Visa nitoe kule kule? Kuna mtu ananambia nibebe shilingi nikabadilishe nikifika.

Mpemba wa Ruwi
Waalaykum salaam. Huyo wa shilingi usimsikilize. Huku Maskati hazina wateja, na ukimpata wa kuzichukua, kwa bei yake utalia. Bakisha za teksi ya kurudi nyumbani, basi.
Riali, pesa ya Oman, imefungwa na dola, na tangu 1986 riali moja ni kama dola 2.60, haipandi haishuki. Ukija na dola, huku hupotezi kikubwa. Pesa yako inaliwa hapo hapo Unguja, shilingi inapogeuka dola. Zunguka maduka matatu, na benki uliza pia.

Shangazi Wete
Mwanangu, kagua noti moja moja. Mie nilifika Dubai na noti za mia mia, moja ina alama ya kalamu pembeni, ndogo kama sisimizi. Kijana wa dirishani akaigeuza kwenye taa, akaigeuza tena, akanirudishia. Nikarudi nayo mpaka Wete. Chukua mpya, zisizo mikunjo wala muhuri.

Mhasibu
Mie kadi naitetea, kwa masharti. Ikiwa akaunti ni ya shilingi, benki inageuza kwa bei yake, inakata ada ya kutoa, na mwenye mashine ya kule huenda akakata yake. Ukitoa riali 10 leo na 10 kesho umekwisha. Toa kwa mkupuo. Na waarifu benki kabla ya safari, kadi isije ikafungwa.
Jengine: dukani mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au riali, bonyeza riali. Shilingi zinakupa raha ya kuona tarakimu ulizozizoea, lakini bei ya kugeuza haipangi benki yako, na mara nyingi inauma.

Kijana wa Mlandege
Na pesa za kwenye simu?

Mpemba wa Ruwi
Dukani huku hazikufai. Ila laini yako iwe hewani, benki ikituma namba ya kuthibitisha malipo uipate. Na bei zisome taratibu: riali ina baisa 1,000, kwa hiyo 1.500 ni riali moja na nusu. Si elfu moja na mia tano, usikimbie duka!

Kijana wa Mlandege
Ahsanteni. Nachukua dola 600 taslimu, 200 naziweka akaunti ya dola, kadi iwe ya dharura. Zawadi ya bibi harusi nimpe dola au riali?

Shangazi Wete
Riali, mwanangu. Unataka atoke fungate akapange foleni ya kubadilisha?