Mali asili ilipopamba moto kwenu, kazi yako ilikuwaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Tuelezane tuliyoyaona wenyewe pale yalipogunduliwa madini, gesi au mafuta. Ya bungeni tuyaache. Leteni ya shamba lako, duka lako, kodi ya chumba chako.

Naanza. Nina mikorosho karibu na Naliendele, Mtwara. Mwaka 2012 habari za gesi ya baharini zilivuma kweli kweli. Wakatafutwa madereva, walinzi, wapishi. Vijana wangu wa palizi na wa kupulizia salfa wakahamia mjini. Waliobaki wakataka ujira mara mbili, na sikuwalaumu: chumba cha elfu 20 kilikuwa kimefika elfu 60. Sasa bei ya korosho inafuata soko la India na Vietnam, haijui mimi nimemlipa kibarua kiasi gani. Msimu ule nikapulizia nusu ya shamba. Nusu nyingine maua yote yakaliwa na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu ambao salfa huuzuia. Iliniuma sana.

Mdau wa Geita: Kwetu ilikuwa pamba. Mgodi mkubwa ulianza kuzalisha 2000, ila vijana tulivutwa zaidi na machimbo madogo. Ikisikika kuna rashi mahali, yaani dhahabu mpya imeonekana na watu wanaikimbilia, kijiji kinabaki na wazee. Mwaka mmoja tuliingia maduarani (mashimo ya dhahabu) ndugu wanne, mama akachuma ekari tatu peke yake mpaka mvua ikamkutia pamba shambani. Dhahabu niliyopata haikufikia thamani ya pamba ile.

Mdau wa Dar: Poleni. Haya yana jina, ugonjwa wa Kiholanzi: mali asili ikipamba moto, kazi nyingine zinadidimia. Waholanzi waligundua gesi kwao Groningen 1959; fedha za kigeni zilipomiminika, sarafu yao ikapanda na bidhaa za viwanda vyao zikawa ghali kwa wanunuzi wa nje. Jina lenyewe lilianza kutumika 1977. Ila mkuu wa korosho, kwako sarafu haikupanda. Mwaka 2015 dola ilivuka shilingi 2,000, na anayeuza zao nje alipaswa kupata nafuu. Wewe uliumizwa na ujira na kodi za vyumba, tena vilipanda kwa matumaini tu, gesi ya kina kirefu ikiwa bado haijauzwa.

Mwanzisha mada: Umenifungua macho mkuu. Na matumaini yenyewe yalizimika haraka. Bei ya mafuta duniani iliporomoka mwishoni mwa 2014, wageni wa kampuni za gesi wakaanza kuondoka. 2015 bomba la gesi la kwenda Dar likakamilika na vibarua wa ujenzi wakaachwa. Vijana wakanirudia, tukapulizia shamba lote.

Jirani yangu ndiye ninayemwonea huruma. Alikata mikorosho ya marehemu baba yake akajenga gesti ya vyumba 12. Siku nyingi haina mgeni hata mmoja. Juzi tumekwenda naye kutafuta miche, na mkorosho unataka kama miaka mitatu ndipo uanze kuzaa.

Wa migodini, Mirerani na Kahama, mpo?